Mwongozo kamili: jinsi ya kuzuia barua pepe za ofisi yako zisiishie kwenye folda ya spamu

Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, ofisi za Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba huanza kutuma barua pepe kwa wingi ambao hazikuwa nao tangu msimu uliotangulia: proforma kwa wanunuzi wa Kollam na Tuticorin nchini India, nyaraka za shehena kwa mawakala wa meli, vyeti vya ubora, maelekezo ya malipo. Lindi hupata pilikapilika za namna hiyo mapema zaidi, wakati wa minada ya ufuta na mbaazi, na nyumba za wageni za Mikindani na Kilwa Masoko zina miezi yao ya kuthibitisha nafasi za watalii. Katika kazi zote hizo, barua iliyoangukia kwenye folda ya spamu ni hasara ya kimyakimya. Barua iliyokataliwa humrudia mtumaji ikiwa na sababu, lakini iliyowekwa kwenye spamu huhesabiwa kuwa imefika. Mtumaji anasubiri jibu, mnunuzi anadhani amepuuzwa, na biashara inakwenda kwa mwingine.

Wengi wakikumbwa na hali hii hukimbilia kubadilisha maneno ya barua, au hurudi kutumia Gmail ya mtu binafsi kwa shughuli za kampuni. Hatua zote mbili zinakwepa chanzo. Gmail, Yahoo na Outlook hutaka kwanza kujua kama barua imetoka kweli kwa mwenye jina lililoandikwa, kisha huangalia kama wapokeaji wa mtumaji huyo huwa wanazitaka barua zake, na maneno ya barua huja baada ya hayo. Hatua zilizomo humu zimefuata mpangilio huo huo, na ninamsihi msomaji asiruke zile za mwanzo kwa kuwa zinaonekana kuwa za kiufundi. Ndizo zinazoleta nafuu kubwa zaidi, na nyingi hazigharimu hata shilingi moja.

Pima kwanza

Tuma barua ya kawaida kutoka anwani ya ofisi kwenda kwenye akaunti ya Gmail unayoweza kuifungua mwenyewe. Ifungue kwa kompyuta, bofya vidoti vitatu vilivyo upande wa kulia wa barua, kisha chagua "Show original". Utaonyeshwa jedwali fupi, na chini yake maandishi marefu ambayo kwa kawaida mpokeaji hayaoni. Katika maandishi hayo tafuta sehemu inayoanza na Authentication-Results. Katika ofisi ambayo haijawahi kushughulikia jambo hili, sehemu hiyo huweza kusomeka hivi:

Authentication-Results: mx.google.com;
spf=softfail smtp.mailfrom=mauzo@mfano.co.tz

Maana yake ni kwamba Gmail imeuliza kama seva iliyoleta barua inaruhusiwa kutuma kwa niaba ya mfano.co.tz, ikajibiwa kwamba haimo katika orodha ya zinazoruhusiwa. Neno dkim halionekani kabisa, kwa hiyo barua haikuwa na saini. Dmarc nayo haipo, kwa hiyo mwenye kikoa (jina linalofuata alama ya @, hapa mfano.co.tz) hajatoa agizo lolote kuhusu barua zinazotumia jina lake. Kusudi la hatua tatu zitakazofuata, yaani SPF, DKIM na DMARC, ni kuifanya sehemu hiyo isomeke hivi:

dkim=pass header.i=@mfano.co.tz
spf=pass smtp.mailfrom=mauzo@mfano.co.tz
dmarc=pass header.from=mfano.co.tz

Rudia kipimo hicho kwa kutuma kwenye akaunti ya Outlook na ya Yahoo, kwa sababu kila mmoja ana vigezo vyake. Tovuti ya mail-tester.com nayo hukupa anwani ya muda, unaitumia barua, kisha inakupa alama kati ya 10 na maelezo ya kila upungufu. Usisumbuke kutafuta alama 10 kamili. Yatazame makosa ya utambulisho, mengine yanaweza kusubiri.

Funguo za kikoa ziko kwa nani?

Utambulisho wote huandikwa mahali pamoja, yaani kwenye rekodi za DNS za kikoa chenu (daftari la mtandaoni ambalo seva nyingine husoma kujua habari za kikoa), na hapa ndipo kazi inapokwama kuliko mahali pengine popote. Kikoa kilisajiliwa miaka kadhaa iliyopita na kijana aliyetengeneza tovuti, tena kwa barua pepe yake binafsi. Sasa kijana huyo amehamia Dar es Salaam au Dodoma, namba yake haipatikani, na hakuna mtu ofisini anayejua nywila wala hata jina la kampuni iliyosajili. Kabla ya kufikiria SPF, maliza jambo hili.

Tumia huduma ya whois mtandaoni kutafuta msajili wa kikoa na seva za majina zinazokihudumia. Kisha mwandikie msajili kwa barua rasmi yenye muhuri, ukiambatisha cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, au hati ya usajili wa chama iwapo ni chama cha ushirika, na uombe umiliki uhamishiwe kwa taasisi. Akaunti ya usimamizi iwekewe anwani ya dharura ambayo haiko ndani ya kikoa hicho hicho. Hili wengi hawalifikirii: kikoa kikiisha muda kwa kutolipiwa, barua pepe zake zote husimama, pamoja na ile ya kukumbusha malipo na ile ya kubadilisha nywila. Weka tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya mhasibu.

SPF: orodha ya seva zinazoruhusiwa

Atakayefungua akaunti benki au kuomba kibali huanzia ofisi ya serikali ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho, na karani anayeipokea haangalii jinsi mwombaji alivyovaa, anaangalia muhuri. SPF ndiyo muhuri wa kwanza wa barua pepe. Ni mstari mmoja wa maandishi kwenye DNS, katika rekodi ya aina ya TXT, unaotaja seva zote zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa.

Kabla ya kuuandika, orodhesha kila kitu kinachotuma barua kwa jina lenu. Ofisi yenye wafanyakazi wachache huweza kuwa na vyanzo vinne bila kujua: barua za kawaida zinapitia Google Workspace au Zoho (huduma za barua pepe za ofisi), fomu ya mawasiliano ya tovuti inatuma kupitia seva ya tovuti, mfumo wa uhasibu unatuma ankara kutoka kwenye seva zake, na taarifa za wateja zinatumwa kupitia huduma ya barua za wingi. Chanzo kimoja kikisahaulika, barua zake zitaendelea kuangukia pabaya hata baada ya kazi yote hii.

Anayetumia Google Workspace peke yake ataandika:

v=spf1 include:_spf.google.com ~all

Mwenye seva ya tovuti inayotuma barua vilevile ataongeza anwani ya IP ya seva hiyo (namba inayoitambulisha mtandaoni) katika mstari huo huo:

v=spf1 include:_spf.google.com ip4:203.0.113.25 ~all

Namba hiyo ni ya mfano tu. Ya kwenu mtapewa na kampuni inayohifadhi tovuti. Maneno ~all yanamaanisha kwamba seva nyingine yoyote itiliwe shaka. Ukiandika +all unairuhusu dunia nzima kutuma kwa jina lako, na mstari wote unakuwa hauna faida.

Kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kuwa na mistari miwili ya SPF: ule uliowekwa na mhifadhi wa tovuti tangu mwanzo, na mwingine ulioongezwa ofisi ilipohamia Google au Zoho. Kikoa kinaruhusiwa kuwa na mstari mmoja tu unaoanza na v=spf1; ikiwa miwili, seva inayopokea huhesabu kuwa ni kosa na hakuna unaofanya kazi. Yaunganishe maelekezo yote katika mstari mmoja. La pili ni kujaza include nyingi, yaani maagizo ya kusoma orodha ya seva za huduma nyingine. SPF ina kikomo cha maulizo 10 ya DNS, na kila include ni ulizo moja, huku nyingine zikiwa na include zake ndani. Huduma mliyoacha kuitumia iondoeni.

DKIM: saini juu ya kila barua

SPF ina udhaifu mmoja mkubwa, kwamba huvunjika barua inapopitishwa. Mnunuzi aliyeelekeza barua zote za kampuni yake ziende kwenye Gmail yake atapokea barua yako kupitia seva ya kampuni yake, ambayo haimo katika orodha yako. DKIM inaziba pengo hilo kwa sababu saini inakaa ndani ya barua yenyewe na husafiri nayo, mradi barua isibadilishwe njiani.

Saini hii hutengenezwa kwa funguo mbili. Ufunguo wa siri hukaa kwenye seva inayotuma, na wa wazi huwekwa kwenye DNS ili kila anayepokea aweze kuthibitisha. Huhitaji kuzitengeneza kwa mkono. Kwenye Google Workspace fungua ukurasa wa usimamizi, sehemu ya Gmail, kisha mahali pa kuthibitisha barua pepe. Mfumo utakupa jina la rekodi na maandishi marefu ya kubandika. Zoho na Microsoft 365 zina ukurasa wa namna hiyo. Kwa wanaotumia barua pepe za mhifadhi wa tovuti, cPanel (mfumo wa kusimamia tovuti) ina ukurasa uitwao "Email Deliverability" ambao huonyesha kama SPF na DKIM zipo, na huzirekebisha kwa kubofya kitufe iwapo DNS inasimamiwa hapo hapo.

Chagua ufunguo wa biti 2048. Ule wa 1024 bado unakubalika, lakini ni wa zamani. Ufunguo mrefu huzidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha maandishi ndani ya rekodi ya TXT, kwa hiyo baadhi ya mifumo ya DNS hukutaka uukate vipande viwili vyenye alama za kunukuu. Ukiubandika nusu bila kujua, barua zitakuwa na saini isiyothibitika. Halafu, baada ya kuweka rekodi, rudi kwenye mfumo wa barua ukawashe utumaji wa saini. Wengi huishia kwenye DNS wakidhani kazi imekwisha. Kila chanzo cha barua kina DKIM yake, na vyote vinaweza kuishi pamoja kwa kuwa kila kimoja hutumia jina tofauti la rekodi.

Usihukumu matokeo mapema. Mabadiliko ya DNS wakati mwingine huonekana ndani ya dakika chache, na wakati mwingine huchukua hadi saa 48.

DMARC: agizo la mwenye jina

DMARC hufanya kazi mbili. Inahakikisha kwamba kikoa kilichothibitishwa na SPF au DKIM ndicho kile kile anachokiona mpokeaji kwenye jina la mtumaji, na inaiambia seva inayopokea ifanye nini na barua isiyokidhi sharti hilo. Anza na rekodi ya TXT yenye jina _dmarc na maandishi haya:

v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@mfano.co.tz

Kwa p=none unaomba kupewa taarifa tu, bila barua yoyote kuzuiwa. Taarifa hizo huja kwa kawaida mara moja kwa siku kutoka kwa kila mpokeaji mkubwa, zikiwa faili za XML ambazo ni ngumu kusoma kwa macho. Zipo tovuti za bure zinazozigeuza kuwa majedwali. Ndani yake utaona kila anwani ya IP iliyotuma kwa jina lako, na hapo ndipo vyanzo vilivyosahaulika hujitokeza. Usiandike anwani ya Gmail kwenye rua (sehemu inayotaja ripoti ziende wapi) ukitegemea ripoti zije huko: kikoa kinachopokea ripoti za kikoa kingine lazima kiwe kimetangaza katika DNS yake kwamba kinakubali, na gmail.com haikutangaza kwa ajili yako.

Angalia pia jina la rekodi baada ya kuhifadhi. Mifumo mingi ya DNS huongeza kikoa chenyewe mwishoni, kwa hiyo aliyeandika jina lote kwa ukamilifu huishia kuwa na _dmarc.mfano.co.tz.mfano.co.tz, rekodi ambayo hakuna atakayeiona.

Ripoti zikionyesha kwa wiki kadhaa kwamba barua zenu zote halali zinapita, badilisha p=none iwe p=quarantine (barua isiyothibitika iwekwe kwenye spamu), na baadaye p=reject (ikataliwe). Kwa wafanyabiashara wa mazao hili nalipa uzito wa pekee. Utapeli unaoumiza zaidi katika biashara hii ni barua inayoonekana kutoka kwa muuzaji ikimwambia mnunuzi kwamba akaunti ya benki imebadilika. DMARC yenye agizo kali humzuia tapeli kutumia kikoa chenu hasa. Haimzuii kusajili kikoa kinachofanana nacho kwa tofauti ya herufi moja, kwa hiyo wanunuzi waendelee kuthibitisha kwa simu kila badiliko la akaunti.

Fomu za tovuti, skana na mifumo mingine

Mtalii anapojaza fomu ya kuulizia chumba katika tovuti ya nyumba ya wageni, mara nyingi tovuti humtumia mwenye nyumba barua ambayo mtumaji wake ameandikwa kuwa ni huyo mtalii. Seva ya tovuti haina ruhusa ya kutuma kwa niaba ya gmail.com wala yahoo.com; Yahoo ilikwisha kuagiza tangu Aprili 2014 kwamba barua za namna hiyo zikataliwe. Matokeo yake ni kwamba maulizo ya wateja hayamfikii mwenye biashara, naye anadhani msimu ni mbaya. Rekebisha fomu ili mtumaji awe anwani ya kikoa chenu, na anwani ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibu, yaani Reply-To. Kwenye WordPress weka programu jalizi ya SMTP (utaratibu wa kutuma barua pepe), ili barua zipite kwenye akaunti halisi yenye nywila badala ya kutumwa moja kwa moja na seva ya tovuti.

Skana ya ofisi inayotuma nyaraka, pamoja na mfumo wa uhasibu, zishughulikieni vivyo hivyo. Katika mipangilio yake tumieni mlango (port) 587 au 465 wenye usimbaji na uthibitisho. Msijaribu kutuma moja kwa moja kupitia mlango 25 kutoka kwenye laini ya intaneti ya ofisini: anwani za IP za laini za majumbani na za simu huwekwa kwa makusudi katika orodha iitwayo PBL ya Spamhaus, taasisi inayotunza orodha za kuzuia barua taka, kwa kuwa hazitarajiwi kuwa seva za barua. Kuiona IP ya modemu yako humo hakuna ubaya wowote.

Seva mnayoishi na majirani

Huduma za bei nafuu za kuhifadhi tovuti huweka mamia ya wateja kwenye seva moja yenye anwani moja ya IP. Mmoja wao akituma barua taka, sifa mbaya inawagusa wote. Chukua anwani ya IP ya seva inayotuma, unayoipata kwenye maandishi yale ya "Show original", uiangalie kwenye tovuti ya MXToolbox kama imo katika orodha za Spamhaus, SpamCop au Barracuda. Angalia pia kama ina rekodi ya PTR, yaani jina linalorudishwa mtu anapouliza IP hiyo ni ya nani. Gmail huitaka kwa kila mtumaji, na anayeweza kuiweka ni mwenye IP, kwa hiyo ombi lipelekwe kwa mhifadhi.

Iwapo IP inarudi kwenye orodha hizo mara kwa mara, ushauri wangu ni kuhama. Tovuti inaweza kubaki pale pale, barua pepe zikahamishiwa kwa mtoa huduma ambaye kazi yake kuu ni barua. Gharama ya mwezi kwa watumiaji wachache ni ndogo mno ikilinganishwa na kontena moja lililopotea kwa sababu ya proforma isiyoonekana.

Barua yenyewe

Sasa maneno yana nafasi yake. Ofisi zetu zina desturi ya kuchapa barua, kuipiga muhuri, kuiskani, kisha kuituma kama kiambatisho kwenye barua pepe isiyo na kitu ndani, mada ikiwa "BARUA" na faili likiitwa SCAN0001.pdf. Kwa mashine inayochuja, huo ndio muundo hasa wa barua zenye virusi: mada ya jumla, mwili mtupu, faili lisilo na jina la maana. Barua hiyo hiyo ikiandikwa hivi inabadilika kabisa:

Mada: Proforma Na. 014, ufuta tani 19, shehena ya Julai

Ndugu Meneja Manunuzi, kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya Jumatatu, naambatisha proforma ya kontena moja la futi 20 la ufuta mweupe. Bei inabaki halali hadi tarehe 15. Naomba uthibitishe kabla ya siku hiyo ili tupange nafasi bandarini Mtwara.

Chini yake liwepo jina kamili, cheo, jina la kampuni, mahali ilipo na namba ya simu. Faili liitwe Proforma-014-Ufuta.pdf. Mwili wa barua ubebe kiini cha kiambatisho, ili hata ambaye hajafungua faili ajue anaambiwa nini.

Mada isiandikwe yote kwa herufi kubwa, wala isijazwe alama za mshangao. Viungo viandikwe kwa ukamilifu, kwa sababu viungo vilivyofupishwa huficha vinakokwenda na hutumiwa sana na matapeli. Barua iliyo picha tupu, kama tangazo lililochorwa kisha likabandikwa, haisomeki kwa mashine wala kwa mpokeaji aliyezima picha. Kuhusu ukubwa, Gmail inakubali hadi MB 25 kwa barua, lakini viambatisho huongezeka kwa takriban theluthi moja vinaposimbwa kwa ajili ya kusafirishwa, kwa hiyo faili la MB 20 huweza kukwama. Skani kwa ubora wa wastani. Faili za .exe na .js hukataliwa hata zikifichwa ndani ya zip.

Orodha za wateja na wingi wa barua

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zina masharti mapya kwa watumaji wote, na makali zaidi kwa wa wingi, ambao Google inawatafsiri kuwa ni wanaotuma karibu barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye akaunti za Gmail. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa Outlook. Watumaji hao lazima wawe na SPF, DKIM na DMARC kwa pamoja, na kwa Google na Yahoo barua zao za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Ofisi nyingi za kusini hazifikii idadi hiyo, lakini sharti moja linawagusa hata wadogo: kiwango cha wapokeaji wanaobofya "hii ni spamu" kibaki chini ya asilimia 0.3, na ni salama zaidi kikiwa chini ya 0.1. Kwa tangazo lililokwenda kwa watu 1,000, malalamiko matatu yanatosha kukufikisha ukingoni.

Kwa hiyo chanzo cha orodha kina maana kubwa. Anwani zilizoandikwa kwa kalamu kwenye daftari katika maonyesho ya Nanenane viwanja vya Ngongo huja na makosa yanayotabirika: l inasomwa kuwa 1, nukta inasahaulika, gmail.com inaandikwa gmail.con. Kila anwani isiyokuwepo inayorudisha barua inapunguza sifa ya mtumaji. Zihakiki siku hiyo hiyo kwa kuwatumia wahusika barua fupi ya shukrani, na zile zinazorudi zifute. Orodha ya kununua isitumike kabisa. Mara nyingi ina anwani za mtego zilizowekwa na wapambanaji wa barua taka, na wenye anwani hawakukuruhusu. Hilo la ruhusa ni suala la kisheria pia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Taarifa ya msimu kwa vyama vya msingi mia mbili isitumwe kwa kujaza BCC kwenye Gmail ya kawaida, ambayo ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku; Workspace ina kikomo cha barua 2,000 kwa siku. Tumia huduma ya barua za wingi inayoweka njia ya kujiondoa na kufuta anwani mbovu yenyewe, na ikiwezekana uitumie kwa kikoa kidogo, kama habari.mfano.co.tz, ili malalamiko ya matangazo yasiharibu sifa ya anwani inayotuma ankara.

Kisha kuna suala la msimu. Kikoa kilichokuwa kikituma barua tano kwa siku tangu Machi, kikaruka ghafla hadi mia nne mwezi Oktoba, kinafanana na akaunti iliyoibiwa. Anzeni Septemba. Waandikieni kwanza wanunuzi wa zamani ambao huwa wanajibu, waulizeni mahitaji yao, ongezeni idadi wiki hadi wiki. Majibu yao ni ushahidi mkubwa kwa seva kwamba barua zenu zinatakiwa. Mnunuzi mpya mwombeni kwa simu au WhatsApp aitafute barua ya kwanza, na akiikuta kwenye spamu aibofye kuwa si spamu, kisha aihifadhi anwani yenu.

Barua zikianza kurudi

Kwanza hakikisha hakuna aliyeiba akaunti. Dalili ni barua nyingi zinazorudi ambazo hakuna aliyezituma. Badilisha nywila, ondoa kanuni za kuelekeza barua ambazo hukuziweka, na washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi. Kuomba kuondolewa kwenye orodha ya Spamhaus kabla ya kuziba tundu hilo ni kupoteza muda, kwa sababu IP itarudi humo.

Soma namba iliyomo kwenye barua iliyorudi. 5.1.1 ni anwani isiyokuwepo, ifute. Namba zinazoanza na 4, kama 421, ni kukataliwa kwa muda, mara nyingi kwa sababu ya kasi. Punguza mwendo, seva itajaribu tena yenyewe. 550 yenye 5.7.26 kutoka Gmail inasema utambulisho umeshindwa, kwa hiyo rudi kwenye SPF na DKIM. 550 yenye 5.7.1 ni uamuzi wa sera, na kwa kawaida maelezo yanayofuata hutaja orodha iliyohusika pamoja na kiungo cha kuombea kuondolewa.

Ombi hilo liandikwe kwa ufupi na kwa ukweli: tatizo lilikuwa nini, limerekebishwa lini na kwa namna gani. Ikiwa IP ni ya mhifadhi, yeye ndiye wa kuomba. Na iwapo vipimo vyote vinapita lakini kampuni moja tu haipati barua zenu, basi kichujio ni cha kwao. Mpigie mnunuzi simu, umwombe msimamizi wao wa mifumo aruhusu kikoa chenu, na umtumie tarehe, saa na Message-ID (kitambulisho kilichomo kwenye "Show original") ya barua iliyopotea, kwa sababu bila vitu hivyo vitatu hataweza kuipata kwenye kumbukumbu za seva yake.